Tela Halina Jina

Mzee aliyeniuzia tela alinipigia simu Jumanne moja mchana, nikiwa ndiyo kwanza nimepitiwa na usingizi baada ya zamu ya usiku. Hakuwa na salamu ndefu. Akaniuliza kama mwisho wa wiki nilikwenda baharini. Nikamwambia ndiyo, nilikwenda pwani ya Norfolk na mke wangu, tukalala huko siku mbili.

"Basi na mimi nilikwenda," akasema. "Nina barua hapa inasema hivyo. Na picha wameweka."

Barua ilikuwa ya watu wa maegesho. Ilisema chombo chenye namba fulani kiliingia Jumamosi asubuhi, kikatoka kikiwa kimepitiliza muda uliolipiwa, kwa hiyo mwenye namba alipe. Kamera ilipiga picha kwa nyuma, na kwenye picha kinaonekana kibao cha njano chenye namba ya pikipiki ya huyo mzee. Pikipiki yenyewe iko gerejini kwake Kettering, imefunikwa shuka, haijatoka tangu magoti yalipomkataza kupanda. Kilichokwenda baharini ni kibao chake, kikiwa kimekazwa kwenye mkia wa tela langu.

Kosa lilikuwa langu mimi, na lilitoka mbali. Lilitoka Tanzania, kwenye njia ya Segera.

Kabla sijaja Uingereza mwaka 2009 nilikuwa utingo kwenye malori ya mizigo kati ya Tanga na Dar es Salaam. Utingo ana kazi nyingi zisizoandikwa popote: kufunga turubai, kuweka jiwe nyuma ya tairi, kulala juu ya mzigo ili mzigo usilale mikononi mwa watu. Mojawapo ya zangu ilikuwa kufuta namba. Tukikaribia mizani ya Kibaha, dereva wangu, mtu wa Pangani asiyependa maneno, alikuwa akipunguza mwendo na kutamka neno moja tu: "Namba!" Nami naruka chini na kipande cha kanga iliyochakaa, nafuta tope kwenye vibao. Vibao, si kibao. Kichwa cha lori kilikuwa na T yake, tarakimu tatu na herufi tatu. Na tela nalo lilikuwa na T yake, tofauti kabisa. Kadi zilikuwa mbili ndani ya bahasha moja ya plastiki, chini ya kiti. Hata leo, msikilize kamanda wa polisi wa mkoa akitoa taarifa ya ajali redioni: anasoma namba ya gari, halafu anasoma namba ya tela. Tela kwetu ni mtu na jina lake. Likiuzwa kwa Mhindi wa Arusha au kwa Msomali wa Dodoma, linakwenda na jina lile lile.

Wakenya nao hivyo hivyo. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, tunayepanda pikipiki pamoja, ananiambia kwao tela unalijua kwa herufi ya kwanza tu. Likianza na Z, hilo ni tela, kama vile pikipiki za kwao zinavyoanza na KM na zetu zinavyoanza na MC.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo unampeleka Kettering kununua tela dogo la kuvutwa na pikipiki. Boksi la plastiki ngumu, magurudumu mawili kama ya toroli, taa mbili, pembetatu mbili nyekundu za kuakisi mwanga, na katikati kibao cha njano chenye herufi na tarakimu. Nilipoona kibao nikajua tela limekamilika. Nikauliza kadi. Mzee akanitazama kama mtu aliyeulizwa cheti cha kuzaliwa cha ndoo. Akachana ukurasa wa daftari, akaandika kwa kalamu kwamba ameniuzia tela moja, pauni 220 taslimu, tarehe, sahihi. Nikadhani kadi ameipoteza na anaona haya kusema. Wazee ni wazee. Nikafunga tela, nikaondoka, na jina lake nikaondoka nalo.

Kumbe kadi haikuwahi kuwepo.

Hapa Uingereza tela la namna hii halisajiliwi. DVLA, mamlaka ya leseni na vyombo vya moto iliyoko Swansea, inayojua kila pikipiki na kila gari la nchi hii ni la nani na limelipiwa kodi lini, haina hata mstari mmoja unaohusu tela langu. Halilipiwi kodi ya barabara. Halipelekwi kukaguliwa kila mwaka kama pikipiki inavyopelekwa. Sheria inachotaka kwenye namba ni jambo moja: nyuma ya tela kuwe na kibao chenye namba ya chombo kinacholivuta wakati huo. Leo navuta mimi, liwe na namba yangu. Kesho akivuta mwingine, liwe na ya kwake.

Sababu utaielewa ukisimama nyuma. Tela likishafungwa, kibao cha pikipiki hakionekani tena. Boksi limekiziba chote. Na mbele hakuna cha kutazama, kwa sababu pikipiki zilizosajiliwa hapa tangu tarehe 1 Septemba 2001 huvaa kibao nyuma tu. Kwa hiyo pikipiki yenye tela lisilo na kibao inapita barabarani bila jina lolote, wala mbele wala nyuma. Kibao cha tela ni kile kile cha pikipiki kilichosogezwa nyuma kidogo ili mtu akione.

Nilikaa na jambo hili kichwani siku kadhaa kabla halijaniingia. Kwetu namba ya tela inakuambia tela ni la nani. Huku inakuambia nani analivuta. Hayo ni maswali mawili tofauti, nami miaka yote nilidhani ni moja.

Basi nikaandika barua kwa watu wa maegesho kwamba aliyezidisha muda ni mimi, nikalipa. Jumapili nikaenda Kettering na sahani ya visheti alivyopika mke wangu, nikamrudishia mzee kibao chake mkononi. Alikifuta kwa kiwiko, akakitia kwenye droo ya jikoni pamoja na betri na mishumaa. Halafu akala visheti vinne bila kusema neno, na mimi nikajua yameisha.

Ikabaki kazi ya kutafuta kibao changu. Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa ya kiutingo: bati lipo kibandani, rangi ya njano ipo, rangi nyeusi ipo, mkono ninao. Nilikuwa nimeshapiga mistari kwa penseli binti yangu alipoingia. Anafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili, kwa hiyo kila ninachofanya kibandani anakiona kama kesi. "Baba, hiyo hapana," akasema, akanisomea kwenye simu yake. Kibao lazima kiwe cha kitu kinachoakisi mwanga, herufi ziwe nyeusi za umbo lililowekwa na sheria, nyuma kiwe cha njano. Kibao kisichofuata masharti kinaweza kukugharimu faini ya hadi pauni 1,000. Bati langu nikaligeuza chano cha misumari.

Nikaenda duka la vipuri. Kijana wa kaunta akanitaka leseni na kadi ya pikipiki. Sikuwa na hata kimoja. Nilikuwa nimechukua pesa na namba niliyoiandika kwenye kiganja. Akatikisa kichwa. Huku huwezi kutengenezewa kibao kwa kuitaja namba tu. Lazima muuzaji awe ameandikishwa, na lazima aone karatasi zinazoonyesha wewe ni nani na namba hiyo una haki nayo, kisha aweke kumbukumbu. Vinginevyo kila mwizi angetembea na namba ya jirani yake. Ndicho nilichokuwa nimefanya mimi, ila bila kuiba. Nikarudi nyumbani, nikazichukua, nikaja tena.

Kazi yenyewe ni ya dakika kumi, na ni nzuri kuitazama. Anaandika namba kwenye kompyuta, na mashine ndogo inatoa karatasi laini ya plastiki inayopenya mwanga. Namba imechapwa kinyume, kama unavyoona maandishi kwenye kioo. Anaibandika nyuma ya kipande cha plastiki ngumu kisicho na rangi, juu yake anaweka karatasi ya njano inayoakisi, halafu anavipitisha vyote kati ya roli mbili za mpira, taratibu, kama mtu anayesukuma chapati. Vinatoka vimeshikana bila hata tone la hewa. Ukikigeuza, namba imenyooka. Chini, kwa herufi ndogo, jina la duka na posikodi yake, na alama ya kiwango cha Uingereza, ile inayoishia na 145e tangu Septemba 2021. Hakuna bendera ya Tanzania pembeni. Niliuliza. Akasema hapana.

Changu alikitengeneza cha mistari miwili, kama cha pikipiki. Herufi za vibao vya pikipiki huku zina urefu wa milimita 64; za magari ni 79. Juu kuna herufi mbili za eneo na tarakimu mbili za umri, chini herufi tatu zisizo na maana yoyote. Zile tarakimu nilichukua miaka kuzielewa. Pikipiki yangu ni Honda kuukuu ya cc 650 yenye 57, nami nilidhani 57 ni namba tu. Kumbe vibao hubadilika mara mbili kwa mwaka. Chombo kilichosajiliwa kuanzia Machi 2007 kinapewa 07, na cha kuanzia Septemba mwaka huo kinaongezewa hamsini, kinakuwa 57. Kwa hiyo kila mtu kwenye foleni nyuma yangu anajua umri wa pikipiki yangu, na sasa umri huo umeandikwa pia kwenye tela ambalo halijulikani lilizaliwa lini.

Nilipopiga picha na kuituma kwenye kundi la familia, shemeji yangu wa Korogwe akajibu haraka: "Namba ya njano, kwa hiyo si la biashara." Kwetu rangi inasema kama gari ni binafsi au la biashara, njano na nyeupe. Huku inasema tu umesimama upande gani: nyeupe mbele, njano nyuma. Nilijaribu kumweleza, akanitumia kidole gumba.

Kibao peke yake hakitoshi, lazima usiku kimulikwe. Nilitoa waya kwenye taa za tela, nikaweka kitaa kidogo juu yake, na plagi moja inayochukua umeme kwenye pikipiki kwa taa za nyuma, breki na indiketa. Skrubu nazo zina adabu yake. Kofia nyeusi ya skrubu ikikaa mahali pabaya, herufi F inageuka E, na kamera haina subira ya kukuuliza ulimaanisha nini. Za kwangu ni za njano, nimezikaza pembeni.

Masharti mengine ya tela la pikipiki ni ya kilo na sentimita. Pikipiki iwe na injini inayozidi cc 125, na dereva awe na leseni kamili. Anayejifunza haruhusiwi kuvuta. Upana wa tela usizidi mita moja. Kutoka ekseli ya nyuma ya pikipiki mpaka mwisho wa tela pasizidi mita mbili na nusu. Tela pamoja na mzigo wake lisizidi kilo 150, au theluthi mbili za uzito wa pikipiki, kile kilicho kidogo. Hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wanaikumbuka 150 na kusahau theluthi. Pikipiki yangu ina kilo 213. Theluthi mbili ni 142, basi mwisho wangu ni hapo, zile nane zilizobaki si zangu. Mwenzangu wa Mombasa ana pikipiki ya kilo 270. Theluthi mbili zake ni 180, lakini naye anakomea 150.

Uzito wa pikipiki uandikwe kwenye pikipiki, na uzito wa tela tupu uandikwe kwenye tela, mahali panapoonekana, kwa namna isiyofutika. Kazini kwetu, ghalani, kuna mizani ya sakafuni. Niliomba ruhusa, nikalisukuma tela langu juu yake saa kumi za usiku mbele ya wenzangu waliokuwa wanacheka. Kilo 41. Nikagonga tarakimu hizo kwenye vipande vya bati kwa patasi, nikavikaza. Yaani nina kilo 101 za kubeba: hema, jiko la gesi, sufuria, ndoano, magodoro, na ile mifuko ya mke wangu ambayo hairuhusiwi kufunguliwa kabla ya kufika.

Mwendo nao unapungua. Ukiwa na tela, mwisho ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu zilizogawanywa na maili 50 kwenye za kawaida. Kwenye barabara kuu yenye njia tatu, ile ya kulia kabisa si yako. Sijali. Na mtu hakai ndani ya tela, hata akikuomba kwa machozi.

Mwaka jana Honda yangu iliharibika wiki moja kabla ya safari. Yule mwenzangu wa Mombasa akasema, chukua yangu. Kufunga tela kwenye pikipiki yake ilikuwa kazi ya robo saa, maana na yeye ana kichwa cha kuvutia nyuma. Lakini tela lilikuwa bado na jina langu. Tukarudi kwa yule kijana wa kaunta, safari hii mwenye pikipiki na kadi yake mkononi, tukatengeneza kibao cha pili. Sasa kibandani kwangu kuna vibao viwili vimetundikwa msumari mmoja, na tela linavaa kinachohusika, kama mtu mwenye kanzu ya Ijumaa na ya harusi.

Watu wananiuliza upi ni utaratibu bora, wa huku au wa kwetu. Kwa siku za kawaida, wa huku haukusumbui: hakuna ofisi, hakuna foleni, hakuna kadi ya kupotea. Lakini mimi tela hili nalipenda, na nikiibiwa leo nitaenda polisi na nini? Na ukurasa wa daftari. Atakayeliiba atafungua skrubu mbili, ataweka kibao chake, na kuanzia hapo tela litakuwa linasema ukweli mtupu kuhusu anayelivuta. Kwa hilo kadi ya kwetu ina maana yake. Nimepiga alama yangu mahali ambapo sitapataja hapa.

Hata Uingereza yenyewe imelazimika kuyapa matela mengine majina. Tangu tarehe 28 Machi 2019, tela la biashara linalozidi kilo 750, na tela lolote linalozidi kilo 3,500, likitaka kwenda nchi za Ulaya zinazodai usajili linapewa namba yake mwenyewe kabla ya kuvuka. La kwangu ni jepesi mno, halimo. Mpwa wangu aliyeko Hamburg anasema kwao ni kama hapa: tela la ekseli moja nyuma ya pikipiki halisajiliwi, linarudia tu namba ya pikipiki, kwenye kibao kisicho na ule muhuri wa serikali. Ila Mjerumani amelifunga mwendo, kilomita 60 kwa saa hata kwenye autobahn, ambako magari yanakupita kama umesimama kuuza maji. Marekani kila jimbo lina lake. California, kwa mfano, inalipatia tela kibao cha kudumu, na mwenye tela analipia ada kila miaka mitano.

Agosti hii tulikwenda tena Norfolk, Honda ikiwa imepona. Pale Hunstanton mwamba wa ufukweni una mistari, nyekundu chini na nyeupe juu, na mke wangu anapenda kukaa chini yake na chupa ya chai ya tangawizi mpaka maji yamfukuze. Ilinyesha njia nzima. Baada ya King's Lynn niliingia kituo cha mafuta, nikazunguka nyuma ya tela kuangalia kamba. Kibao kilikuwa kimejaa matope, namba inasomeka nusu. Nikavuta kitambaa kutoka chini ya kiti, nikachutama, nikaanza kufuta, mstari wa juu kwanza halafu wa chini.

Mke wangu alikuwa amesimama pembeni, kofia ya pikipiki mkononi. Nyuma yetu hakuna askari, hakuna kamera niliyoiona, hakuna lori lolote.

"Mizani iko wapi?" akaniuliza.